Kibuyu Juu ya Jiwe la Mpaka

Siku ile ilianza kwa amani. Gaudensia alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la kabichi, akinyunyizia miche maji kwa kopo lililotobolewa kwa msumari, na mbele yake ziwa la Endamuray lilikuwa limetulia chini ya ukungu wa asubuhi. Mvua za vuli zilikuwa zimekataa. Juu kwenye miteremko mahindi yalikauka kabla ya kumfika mtu magotini, lakini pale ukingoni kila kitu kilikuwa kibichi: vitunguu, maharage, kabichi, na nyuma yake ukuta wa matete uliomzidi mtu mrefu kimo. Hakuna mzee wa kijiji chao cha Tlawi aliyewahi kuona maji yale yakikauka. Kwa hiyo katika mwaka wa njaa watu wote waliligeukia ziwa, wao na ng'ombe wao, kama wana wa Israeli walivyougeukia mwamba uliotoa maji. Na kwa kuwa walikuwa wamebakiwa na hilo tu, waliliogopea kuliko walivyomwogopa Mungu.

Jua lilipopanda, binti yake Rogathe alishuka na ndoo kuteka maji. Alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mpole, mwenye kuitika "Abee, mama" kwa sauti ya kuvuta kidogo mwishoni, kana kwamba kila alipoitwa alifurahi. Alivaa sweta lake zito la shule, la buluu, ingawa jua lilikuwa limewaka.

"Mama Rogathe!" akaita Hilaria, jirani yao, aliyekuwa akifua ukingoni. "Hilo sweta na joto hili, linaficha nini? Au binti yako amemeza tikiti?"

Wanawake wakacheka. Rogathe akainama kuinua ndoo. Upepo ukalibana sweta mwilini, na kicheko kikakatika ghafla. Hilaria akaitoa nguo yake majini kwa haraka, maji yakichuruzika, akarudi nyuma.

"Ametia miguu," akanong'ona. "Ametia miguu kwenye maji ya ng'ombe wetu."

Ndipo Gaudensia alipojua jambo ambalo binti yake alikuwa amelibeba peke yake karibu miezi minane.

Jioni ile walikaa watatu juu ya maisha ya mmoja. Bibi Marieta, mama mkwe wa Gaudensia, alilitaja neno ambalo halikuwa limesikika katika nyumba ile kwa miaka mingi: metimani. Katika desturi ya zamani ya Wairaqw, mwenye unajisi alitengwa. Hakushiriki moto wa jirani wala maji ya jirani, na binti aliyeshika mimba kabla ya ndoa alitolewa nje ya mpaka wa nchi mpaka ajifungue na kutakaswa, asije akaiharibu mvua na mimba za mifugo.

Hermani, mume wa Gaudensia, alikuwa katekista. Zamani alisimama mbele ya waumini akaiita desturi hiyo giza la mababu. Lakini mwaka ule ndama walikuwa wanakufa, na tangu mchana watu walikuwa wamesimama barabarani wakiitazama nyumba yake. Hermani akayafunua Maandiko, akatafuta mahali palipoandikwa kwamba mwenye unajisi atakaa peke yake nje ya kambi, akaweka kidole hapo. Hakufunua zaidi. Hakumfikia yule mwanamke aliyesimamishwa katikati ya watu wenye mawe mikononi, wala Yule aliyeinama akaandika chini kwa kidole.

"Baba," Rogathe alisema akiwa amepiga magoti, "naomba nikajifungulie zahanati. Kisha mnipeleke popote."

"Zahanati itakuosha wewe. Ziwa nani ataliosha?"

"Baba Rogathe," Gaudensia akajaribu, "ni mtoto huyu."

"Ndiyo maana hatumpigi," akajibu Hermani.

Kesho yake wakamjengea kibanda cha nyasi kwenye ulimi wa ardhi kavu katikati ya matete, ng'ambo ya jiwe jeupe lililokuwa mpaka wa zamani wa kijiji. Paroko na walimu waliambiwa kwamba Rogathe amekwenda kwa shangazi yake Endasak. Kijiji kizima kilijua ukweli, na kijiji kizima kikanyamaza. Hermani aliuchoma mkeka wa binti yake. Bibi Marieta akamfundisha Gaudensia masharti.

"Chakula utakiweka juu ya jiwe. Utamwita. Akiitika, geuka uondoke. Usimtazame, mwanangu. Ukimtazama, unajisi utakufuata mpaka mlangoni."

Gaudensia akatii. Hilo ndilo la kulilia katika habari hii, kwamba alitii kwa upendo. Kila jioni kabla jua halijazama alishuka na ugali ndani ya bakuli na maziwa ndani ya kibuyu, akaviweka juu ya jiwe, akaita.

"Rogathe!"

"Abee, mama."

"Nimeweka. Usije mpaka nimeondoka."

"Sawa, mama. Mama, kuna baridi huku. Mama, mgongo unaniuma chini. Bado siku nyingi?"

"Vumilia, mwanangu. Ukijifungua tutakuja kukuchukua."

Akageuka. Nyuma yake alisikia miguu ikikanyaga tope kuelekea jiweni, na bakuli likikwaruza. Alitamani kugeuza shingo. Hakugeuza.

Kisha masika ikaja yote kwa mara moja. Wingu lilishuka kutoka mlima Hanang kabla ya giza, na mvua ikapiga mabati hata watu ndani ya nyumba moja hawakusikilizana. Ilipopungua kidogo, Gaudensia aliisikia sauti kutoka bondeni.

"Mama! Mama!"

Akashika tochi na khanga. Hermani akamtangulia mlangoni. Aliliinua komeo, gogo la mzeituni mwitu lililochongwa na baba yake, akalitumbukiza mahali pake, akaketi chini akiuegemeza mgongo mlangoni na rozari mkononi.

"Baba Rogathe, maji yanapanda! Mtoto anaita!"

"Mvua ndiyo hii," alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka. "Mungu ameipokea toba yetu. Unataka kuirudisha mbinguni?"

Sauti iliendelea. Ikapungua. Ikawa moja baada ya kimya kirefu. Mwishowe wakabaki vyura peke yao.

Jumapili ile kanisa lilijaa, na wimbo wa shukrani kwa ajili ya mvua ukaimbwa kwa vigelegele. Gaudensia alisimama katikati ya wimbo bila kufumbua kinywa. Alikuwa amekwenda jiweni jioni iliyofuata mvua. Maji yalikuwa yamepanda hata kulilamba jiwe. Aliita, kimya. Akaita tena. Matete yalisimama bila kutikisika. Akaanza kulia, na ndipo sauti ikaja, ya kuvuta kidogo mwishoni.

"Abee, mama."

Alianguka kifudifudi akamshukuru Mungu.

"Umejifungua, mwanangu?"

"Abee, mama."

"Ni mzima? Wa kike au wa kiume?"

"Abee, mama."

Akadhani ni uchovu. Akadhani pia ni hasira, na alijua anastahili hasira ile. Siku zilizofuata ugali ulianza kurudi kama alivyoupika, umekauka juu ya jiwe, lakini kibuyu kilikutwa kitupu, safi, kana kwamba kimelambwa. Ananyonyesha, Gaudensia alijiambia, anahitaji maziwa. Akaongeza maziwa. Alipomwambia Bibi Marieta kwamba sasa mtoto amezaliwa na utakaso ufanyike, bibi alitikisa kichwa: mvua imekuja vizuri, asiguse mtu kitu mpaka mavuno yaingie. Hermani naye akasema mpaka mavuno.

Maharage yakavunwa. Mahindi yakavunwa. Rogathe hakuitwa nyumbani.

Kiangazi kilipokomaa, wafugaji wa nyanda za chini walipandisha ng'ombe wao ziwani, kwa kuwa kwao malambo yalikuwa yamegeuka vumbi. Miongoni mwao alikuwa Sulle wa Getanuwas, mwanamume wa makamo, mwenye mizaha mingi. Jioni moja alimkuta Gaudensia jiweni.

"Shikamoo, mama. Kibuyu hicho cha nani? Kama mwenyewe hana njaa, mimi nipo."

"Marahaba. Ni cha mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Humo."

Sulle aliyatazama matete. Uso wake ukaacha mzaha.

"Mama, humo hakuna mtu. Nimezunguka pande zote. Ng'ombe wangu wana kiu ya siku mbili, na upande huu hawakubali kunywa. Nikiwapiga, wanalia."

"Utamsikia mwenyewe," alisema Gaudensia kwa ukali. "Rogathe!"

"Abee, mama."

Sulle alirudi nyuma, fimbo yake ikaanguka. Hakuiokota.

Kesho yake mtamba wake mmoja aliteleza akazama kwenye tope karibu na ulimi ule wa ardhi. Sulle na wenzake walikata matete kwa mapanga ili wapitishe kamba. Walipomvuta mnyama, sakafu ya mizizi ikafunuka pamoja naye, na chini ya mizizi ile kulikuwa na kitu cha rangi ya buluu.

Lilikuwa sweta la shule.

Gaudensia alifika akikimbia, akawasukuma wanaume, akatazama. Alitazama sasa, wakati hapakuwa tena na kitu cha kuokoa. Kibanda kilikuwa kimebomolewa na maji na kufunikwa na tope, na binti yake alikuwa chini yake, ubavu kwa ubavu na nyasi. Matete yaliyochipua wakati wa masika yalikuwa yamepenya kifuani, yakatoka kupitia sweta, yakakua, yakamzidi Sulle kimo. Yalikuwa yanachanua.

"Huyu amekufa tangu mvua zile," alisema mhudumu wa zahanati aliyeletwa kwa bodaboda. Alisema polepole, asimtazame mama. "Tangu zilipoanza."

Khanga ilikuwa imetandikwa pembeni ya mkono wa marehemu, mahali palipoinuka, na kona zake zilikuwa zimezuiwa kwa mawe. Kando yake palikuwa na uzi wa buluu uliong'olewa kwenye sweta, umefungwa fundo dogo, la uangalifu, kama la mtu anayefunga kitovu. Alikuwa amejifungua mwenyewe, ndani ya mvua ile, akiita.

Walipekua tope mpaka giza. Hawakupata mtoto. Hawakupata hata mfupa.

Nyumbani Gaudensia alikichukua kibuyu, akakigeuza kwenye mwanga wa taa. Ukingoni mwa mdomo wake kulikuwa na mikwaruzo ambayo kwa wiki kadhaa alidhani ni ya panya. Aliipapasa kwa kidole. Vishimo viwili, vidogo, vimekaribiana. Alikuwa amemnyonyesha Rogathe, alijua meno mawili ya kwanza yanavyokuwa.

Rogathe akazikwa kwa sala. Paroko alilia waziwazi, akakemea kijiji kwa maneno mazito kuhusu sauti ya damu inayolia kutoka ardhini. Hermani akavuliwa ukatekista, akakipiga marufuku kibuyu.

"Ni shetani tulikuwa tunamlisha," alimwambia mkewe. "Jiweni usiende tena."

Gaudensia hakwenda.

Asubuhi ya kwanza alikwenda kukamua, akamkuta ng'ombe wake anatetemeka. Ndama alikuwa amefungwa mbali, kamba haijaguswa. Kiwele kilikuwa kimesinyaa kama mfuko mtupu. Kwenye chuchu moja palikuwa na vishimo viwili.

Asubuhi ya pili ilikuwa zizi la Hilaria. Kisha zizi la nyumba iliyofuata. Mwishoni mwa wiki hapakuwa na maziwa ya ng'ombe katika bonde zima, na ng'ombe mmoja wa Hilaria alikuwa amekufa amesimama, akiegemea ukuta, chuchu zake zote zimetafunwa.

Ndipo wakaja. Wale wale waliokuwa wakifua siku ile. Walikaa uani kwa Gaudensia vichwa chini, na Hilaria ndiye aliyesema.

"Mama Rogathe, tunakuomba. Kaweke kibuyu."

"Siku ile ulicheka, Hilaria."

"Nilicheka, ndiyo. Nitajibu kwa Mungu. Lakini mjukuu wangu bado ananyonya, na usiku wa jana mama yake aliamka na titi linavuja damu."

"Nenda, mwanangu," alisema Bibi Marieta kutoka mlangoni. "Ila usimtazame."

Gaudensia akampita mkwewe mlangoni. Kisha akajaza kibuyu maziwa ya mbuzi, akajifunga khanga, akashuka.

Jua lilikuwa bado juu ya matete. Sulle, aliyekuwa ukingoni mbali kidogo nyuma yake akinywesha ng'ombe, ndiye aliyeona na kusikia, na tangu siku ile hakurudi tena Endamuray.

Alimwona akiweka kibuyu juu ya jiwe.

"Rogathe!"

"Abee, mama."

"Nimeweka."

Hakugeuka. Alikaa chini, miguu ndani ya maji.

"Siondoki," alisema. "Mlete."

Vyura wakanyamaza. Ng'ombe wa Sulle wakainua vichwa wote pamoja. Na ile sauti, ambayo tangu masika haikuwa na neno jingine, ikanong'ona:

"Mama, geuka."

"Hapana."

"Mama, usimtazame."

"Nilikugeuzia mgongo ulipokuwa hai," Gaudensia akasema. "Mtoto hakutenda dhambi. Mlete."

Matete yakaachana. Yaliachana chini, karibu kabisa na maji, kimo cha kitu kinachotambaa.

Sulle hakukiona, kwa sababu mgongo wa mama ulikuwa mbele yake. Aliona mikono yake ikifunguka, kama ya mtu anayempokea mtoto kutoka kwa mwenzake. Aliona akiinama, akifungua khanga kifuani. Alisikia ukelele mmoja mfupi, ule wa mama anayeng'atwa na mtoto aliyeota meno. Kisha Gaudensia akacheka. Alicheka kwa upole, akabembeleza, akasimama, akaanza kutembea kuingia ziwani, akimkumbatia. Maji yakamfika kiunoni. Yakamfika kifuani, nayo yalikuwa mekundu. Alikuwa bado anabembeleza.

Maji yale hayana kina pale. Walimtafuta kwa miti mirefu, kwa nyavu, kwa siku nyingi. Kibuyu kilikuwa juu ya jiwe, kimejaa, hakijaguswa.

Mazizi yakapata amani mpaka mwezi ule ulipokwisha. Kisha ng'ombe wa Hermani akaanza kutetemeka asubuhi.

Tangu hapo ni Hermani anayeshuka. Watu humwona kila jioni, mzee kabla ya umri wake, na kibuyu kifuani. Huweka juu ya jiwe. Huita.

"Gaudensia!"

"Abee."

"Rogathe!"

"Abee, baba."

Wa tatu hana jina la kumwita. Yeye aliyewamwagia watoto wa wengi maji ya ubatizo katika hatari ya kufa, huyu mmoja hakumpa maji wala jina. Hugeuka, akaondoka, bila kutazama. Anasali, na tumwombee. Yupo Mungu aliyeisikia sauti ya mtoto wa mjakazi aliyetupwa chini ya kichaka, akamfungulia mama kisima jangwani. Mungu huyo aliisikia pia sauti ya jioni ile ya mvua. Lakini aliyekuwa karibu na mlango, wa kuufungua, alikuwa Hermani.

Kwaresima iliyopita alishikwa na homa, akashindwa kushuka. Majirani walimsikia akilitumbukiza komeo kabla jua halijazama.

Asubuhi hapakutoka moshi. Walibisha, hakujibu, ikawabidi kupandia dirishani. Walimkuta hai, ameketi sakafuni, mgongo ameuegemeza mlangoni na rozari mkononi, kama alivyoketi siku ile. Hajasema neno tangu hapo, ila yale majina mawili anayoyaita jiweni. Komeo lilikuwa mahali pake, halijasogea.

Mzeituni mwitu ni mti mgumu. Shoka lenyewe huruka. Lakini gogo lile lilikuwa limetafunwa karibu nusu ya unene wake, na alama hazikuwa tena za meno mawili. Zilikuwa za safu nzima, juu na chini, ndogo ndogo, zimepangika vizuri.

Zilikuwa upande unaotazama ndani ya nyumba.